Mwandishi kasema mhusika wake hakuwapenda wanawe, mke wangu akamkataa mama yake mzazi

Wakuu, habari za muda huu.

Haya ninayoandika yametokea ndani ya nyumba yangu. Mke wangu ameyasoma kabla sijayabandika, na pale aliposema "hapa umetia chumvi" nimefuta. Kwa hiyo mnachosoma ni kile tulichokubaliana wote wawili kuwa ndicho kilichotokea.

Kitabu sitakitaja, wala mwandishi wake. Sijaja kumchafua mtu. Anayekijua atakitambua mbele ya safari, namuomba akae nacho moyoni.

Mimi ni fundi umeme hapa Kibaha, naishi Picha ya Ndege. Riwaya si mambo yangu kabisa. Ninachosoma ni maelekezo ya vifaa na hili jukwaa.

Msomaji ni mke wangu, Zaina. Anauza kwenye duka la dawa kule Mkuza, na wateja wakipungua anafungua kitabu chini ya kaunta. Amekuwa hivyo tangu namchumbia.

Zaina amelelewa Dutumi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Mama yake mzazi aliondoka yeye akiwa mdogo, hajaanza hata shule. Maneno ya ukoo yalikuwa mafupi: mama alimfuata mwanaume, akaacha mtoto.

Wakati tunaoana, mambo yote ya upande wa mama aliyasimamia shangazi. Nilimuuliza Zaina mara moja tu kuhusu mama yake. Akanijibu, "Sina mama, nina shangazi." Kila nyumba ina chumba ambacho mgeni hafunguliwi.

Sasa kikaja hicho kitabu.

Ndani yake kuna mwanamke anaitwa Sikudhani (ni jina la mtu, wakuu, msije mkasoma kama kitenzi). Ana watoto wawili. Asubuhi moja anapanda lori la mkaa, anaondoka, harudi. Kitabu hakisemi kwa nini. Lori likishaondoka, hadithi inabaki na wale watoto mpaka mwisho.

Kinachosemwa ni alivyofanya kabla ya kuondoka. Alijaza maji kila ndoo iliyokuwepo pale nyumbani. Akatwanga. Halafu akamkalisha binti yake akamsuka twende kilioni ndogondogo, siku nzima, mtoto akilalamika kichwa kinauma. Mtoto anauliza kwa nini anabana hivyo. Mama anajibu, "Ili zikae."

Basi. Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika.

Zaina alinisimulia tukiwa tunakula. Akaniambia, "Mwanamke anayekimbilia starehe hasuki twende kilioni ndogondogo. Anasuka mabutu manne anaondoka zake. Huyu alibana vile kwa sababu alijua hatakuwepo wa kusuka tena."

Nikasema sawa. Mimi nilikuwa na ugali wangu, nikaona ni maneno ya vitabuni.

Siku kadhaa baadaye, anafua, akaniambia bila hata kuniangalia: "Unajua mimi mama alinisuka kabla hajaondoka? Nakumbuka kichwa kiliniuma."

Wakuu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kutaja kitu chochote alichofanyiwa na mama yake.

Kuanzia hapo akaanza kuulizia. Kupitia kwa mjomba mmoja akapata habari kwamba mama yupo Kisarawe, ameolewa huko, analima mihogo na ana michungwa yake. Tukaenda wote.

Kufika, tukamuuliza kijana wa bodaboda nyumba ya Bi Mwanne, ndilo jina la mama. Hamjui. Akamuuliza mwenzake, naye hamjui. Tukaeleza: mama mmoja mrefu, analima mihogo, ana michungwa. Yule kijana akacheka, "Aaah, kwa Mama Zaina! Si mngesema."

Yule mama ana watoto wawili wa kiume aliozaa hapo hapo Kisarawe, watu wazima sasa. Lakini mtaa mzima unamwita kwa jina la mtoto aliyemuacha Dutumi. Mke wangu alisimama pale stendi kama mtu aliyesahau alikuwa anaelekea wapi.

Kukutana kwenyewe hakukuwa na vilio vya kwenye filamu. Mama alitandika mkeka, akaenda kuchemsha mihogo. Tukala. Tukaongea habari za mvua. Tukaaga. Tukarudi tena mwezi uliofuata, na tena.

Najua kuna atakayeuliza: kwa nini hakumuuliza mama yake ana kwa ana kilichotokea? Hata mimi nilimuuliza. Akanijibu, "Nimeshasoma. Najua."

Nililiona jibu la ajabu lakini nikaliacha. Nyumba ilikuwa na amani.

Zaina akapata ujauzito, mtoto wetu wa kwanza. Yeye na mama yake wakakubaliana kuwa akijifungua, mama atakuja Picha ya Ndege kukaa naye arobaini zote, amkande, amfundishe kuogesha mtoto. Shangazi wa Dutumi alipoambiwa kwa simu akasema tu, "Haya."

Halafu mwandishi akaenda kuhojiwa.

Ilikuwa live kwenye chaneli moja ya mtandaoni. Zaina alikuwa anaisubiri kama watu wanavyosubiri mechi. Mtangazaji akamuuliza mwandishi kuhusu Sikudhani, kwa nini wasomaji wanampenda hivyo.

Mwandishi akavua miwani, akasema, "Wamekosea. Yule mwanamke hakuwapenda wanawe. Alikuwa anamfuata dereva wa lile lori. Zile ndoo, zile nywele, ni unafiki tu, anajisafisha mbele ya majirani. Nilimwandika awe onyo. Toleo jipya likitoka nitaongeza sura, ili jambo hili lieleweke."

Mtangazaji akacheka. Wakaendelea na mambo mengine.

Zaina akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akaandika comment: "Kaka, mimi nimekisoma mara nyingi, mbona hayo hayamo?"

Mwandishi akajibu mwenyewe: "Dada, soma tena. Mimi ndiye niliyemuumba."

Zaina akaandika: "Ulimuumba ukampandisha lori. Sisi ndio tuliobaki na watoto."

Watu wakagonga like nyingi. Mwandishi akaweka kikatuni cha kucheka, akapotea.

Nilidhani Zaina ameshinda. Kumbe comment ile ilikuwa ya mtu anayezama.

Jioni nikamkuta amekaa, kitabu kimefungwa mapajani. Nikamwambia, "Achana naye. Kwani kwenye kitabu ameandika hivyo?"

"Hajaandika."

"Basi?"

"Lakini yeye ndiye anayejua. Wewe ukipitisha waya ndani ya ukuta, nani anajua umepita wapi? Mimi ninayeangalia ukuta, au wewe?"

Jibu lilinijia kesho yake nikiwa juu ya ngazi kwa mteja: fundi akisema waya umepita kushoto, na kipimo kinalia upande wa kulia, unaamini kipimo. Fundi anaweza kusahau. Anaweza pia kuwa amebadilisha mawazo. Lakini wenye ndoa mnajua, jibu lililochelewa kwa siku moja halina kazi.

Ile clip ikasambaa. Kuna mtu akaitupia kwenye group la ukoo, na shangazi akatuma sauti: "Mwanangu, mimi nimesema miaka yote hiyo mkaniona nina roho mbaya. Sasa hata wenye elimu zao wamesema."

Tangu hapo kila kitu kikageuka. Zile nywele alizosukwa, ambazo zilikuwa ushahidi wa mapenzi, zikawa ushahidi wa unafiki. Hata lile jina la mtaani. "Mama Zaina, Mama Zaina," akasema siku moja, "anajionyesha kwa watu kuwa ana uchungu."

Jina ni lile lile, nywele ni zile zile. Kilichobadilika ni mtu mmoja kuongea kwenye simu, mtu ambaye hajawahi kufika Dutumi wala hajui kama mke wangu yupo duniani.

Kisha akaniambia, "Mpigie umwambie asije. Nitaangaliwa na shangazi."

Nikamwambia jambo hilo mimi sisemi kwenye simu. Jumamosi nikawasha pikipiki nikaenda Kisarawe. Kitabu nikakitia kwenye begi la vifaa, sijui kwa nini. Labda niliona kama nakwenda kesini na kielelezo.

Nikamkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona peke yako? Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, mama. Ila kanituma."

Nikamweleza. Kitabu, Sikudhani, lori, mwandishi, clip, na mwisho kwamba Zaina anaomba asije. Nilieleza vibaya, maana kila nikisema nilikuwa nasikia jambo lenyewe lilivyo la ajabu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mwandishi ni mtu wa huku?"

"Hapana, mama."

"Ananijua?"

"Hakujui."

"Kitabu kimesema nini juu yangu?"

"Hakijasema kitu juu yako, mama. Ni hadithi."

Akachukua muhogo mwingine. "Sasa mbona anayefukuzwa ni mimi?"

Akaniambia, "Umekuja nacho? Nisomee hapo panapomkera."

Nikamsomea ile sura ya kuondoka, mimi ambaye sijawahi kusoma riwaya kwa sauti. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye ndoo akaguna. Nilipofika kwenye nywele kisu kikasimama.

Nilipomaliza akasema, "Huyo mwanamke simjui. Ana akili kuliko mimi. Mimi sikujaza ndoo yoyote. Nani alikuwa na akili ya ndoo siku ile?"

"Na nywele? Zaina anakumbuka ulimsuka."

"Nilimsuka kwa sababu kesho yake ilikuwa Idi. Mtoto atakaa na kichwa timtim siku ya Idi?"

Wakuu, ile nguzo ambayo mke wangu aliiegemea miezi yote ile, mwenyewe ameing'oa mbele yangu, tena bila kujua kuwa ni nguzo.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hukuwa umepanga kuondoka?"

"Ningepanga ningemchukua," akasema. "Niliondoka Idi pili. Baba yake alinipiga mbele ya wageni, nikatoka na kanga niliyovaa."

Akaendelea bila mimi kuuliza. "Na mwanaume alikuwepo. Ndiye huyu niliye naye mpaka leo. Shangazi yake hakusema uongo, alisema nusu. Nilimfuata, ndiyo. Alikuwa ananiongelesha vizuri, na mimi nilikuwa na njaa ya kuongeleshwa. Baadaye nikarudi Dutumi kumchukua mwanangu, wakanikatalia mlangoni. Nikarudi tena, wakanikatalia. Mwanaume nilimfuata, na mtoto nilimtaka. Yote mawili. Huyo mtu wenu wa kwenye simu anataka iwe moja?"

Nikauliza, "Mbona hujawahi kumwambia Zaina?"

"Hajaniuliza. Kila akija ananiangalia kama mtu aliyeshapata jibu. Nikasema labda kuna aliyemwambia vizuri, nisije nikaharibu."

"Nimwambie mimi?"

"Hapana, baba. Mwambie aje aniulize. Huyo wa kwenye kitabu hana mdomo, anasemewa. Mimi mdomo ninao."

Nikarudi Kibaha na mfuko wa machungwa na ujumbe huo.

Nilimfikishia Zaina hivyo hivyo: mama kasema uende ukamuulize, mdomo anao. Ya Idi, ya kupigwa, ya mlangoni, sikuyagusa. Alinikasirikia. Tulikaa siku kadhaa tukiongea habari za chumvi na maji tu.

Halafu asubuhi moja akasema, "Nipeleke."

Tumbo lilishakuwa kubwa, nikaazima gari ya rafiki yangu. Kufika, wao wakaenda uani, mimi nikabaki barazani na yule mzee, mume wa mama. Aliniuliza habari za umeme wa jua. Hakuuliza kingine, na mimi sikuongeza kingine. Nilimtazama tu. Kwenye hadithi yetu huyu ndiye dereva wa lori, nikajisemea, na alikuwa na kikohozi na kofia ya kufuma.

Walikaa huko muda mrefu. Sauti zilipanda mara moja, zikashuka. Walipotoka, wote wawili macho yamevimba.

Tulipokaribia nyumbani Zaina akasema, "Alimfuata kweli."

Nikaendesha.

"Na alirudi kunichukua. Shangazi hajawahi kuniambia hilo."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Simpendi kama nilivyompenda Sikudhani." Akafikiri. "Lakini huyu naweza kugombana naye."

Na kweli waligombana. Zaina alijifungua binti, mama akaja, na arobaini zile nyumba yangu ilikuwa na kelele tupu. Maji ya kukandia ya moto mno. Uji una pilipili manga nyingi. Mtoto avikwe, mtoto asivikwe. Mimi nilikuwa natafuta kazi za mbali kwa makusudi.

Ndani ya siku hizo shangazi akaja kumuona mtoto, kutoka Dutumi. Wale wawili hawakuwa wameonana tangu enzi hizo. Mama alikuwa kwenye mkeka amempakata mtoto. Wakasalimiana. Shangazi akakaa kwenye kiti, na baada ya muda akashindwa kujizuia.

"Watu wanasahau haraka," akasema, akimwangalia Zaina na si mama. "Mimi nilisema nikaonekana mbaya. Si hata mwandishi mwenyewe kasema?"

Zaina hakupandisha sauti. "Shangazi, yule kasema ya Sikudhani. Ya mama nimemuuliza mwenyewe, kaniambia, na mengine hayakunifurahisha. Sasa nataka kusikia yako. Mama alipokuja kunichukua, ulimwambia nini?"

Shangazi akaanza kukunja ncha ya mtandio. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Mimi nilikuwa mlangoni na waya mkononi, najifanya natengeneza swichi.

Akasema, "Nilimwambia umelala."

"Nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa macho. Ulikuwa umesimama nyuma ya mlango, umeshika gauni langu." Sauti yake ikawa ndogo. "Mimi sikujaliwa mtoto, unajua. Nilikuwa nimeshakuzoea, mwanangu."



Mama alimhamisha mtoto mkono mwingine, akasogeza chupa ya uji na kikombe kuelekea kwenye kiti.

"Karibu uji, wifi," akasema. "Upo wa moto."

Shangazi alikunywa. Hawajawa marafiki, wakuu, nisiwadanganye. Lakini alikunywa na akalala pale kwetu, kesho yake ndipo akarudi Dutumi.

Toleo jipya halijatoka hadi naandika haya. Zaina amesema likitoka hatanunua, lakini hana ugomvi tena na mwandishi. Anasema yule bwana ana haki ya kusema anachotaka kuhusu kitabu chake, ila akishafunga ukurasa wa mwisho anakuwa msomaji kama wengine. Tofauti yake ni kwamba yeye alikisoma kabla hakijachapwa, na inawezekana amekisahau.

Mimi nakubaliana naye nusu. Nikiwa fundi, bado naona aliyejenga anajua kitu ambacho mpita njia hajui. Nisichokubali ni yeye kuja miaka mingi baadaye kuniambia dirisha ninalolifungua kila siku halikuwahi kuwepo.

Funzo nililochukua ni dogo. Mke wangu alimpata mama yake kwa sababu ya kitabu, akampoteza kwa sababu ya maneno ya mwenye kitabu, na mara zote mbili mama mwenyewe hakuwa ameulizwa. Mhusika mnaweza kumgombania na mwandishi mpaka asubuhi. Kama mtu wako bado yupo hai, hadithi isijibu kwa niaba yake.

Sasa nyie wasomaji wa humu mnisaidie, maana hapa ndani tumegawanyika. Mwandishi akija baada ya kitabu kutoka akasema mhusika fulani alikuwa hivi na si vile, na kwenye kurasa hayo hayamo, unamfuata yeye au unafuata ulichokisoma? Na kama kuna aliyewahi kumhukumu ndugu yake kwa kumpima na mtu wa hadithini, aeleze ilimfikisha wapi.

Zaina naye atakuwa anasoma majibu yenu, kwa hiyo mkimponda, mjue mnamponda uso kwa uso.